Mtu Huyu Amebeba Nini?

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wanangu, mkae mahali mnaponiona vizuri, maana hadithi ya leo inataka macho kuliko masikio. Tazameni. Nashusha kiuno, mabega nayapandisha, shingo naisukuma mbele, na kila hatua naiburura kidogo. Sijataja jina lolote, lakini mmeshajua nani ameingia. Fisi! Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo wake huteremka namna hii. Haya, sasa nanyoosha mgongo. Hatua fupi, za haraka. Nasimama ghafla. Kichwa kinageuka kulia, kinageuka kushoto, pua inanusa. Huyo ni sungura, na tayari mnacheka, kwa sababu mnajua leo fisi atalala na njaa.

Bibi na babu zetu wa Usambara walifanya haya jikoni, wamekaa juu ya vigoda, moto ukiwaka katikati ya mafiga. Hawakuwa na jukwaa, wala taa, wala maleba. Walikuwa na shingo, mabega, viganja na pumzi, na kwa hivyo vichache waliijaza nyumba wanyama na wafalme. Kila mtoto aliyelelewa na hadithi amekwisha kupita darasa la kwanza la uigizaji, hata kama hakuna aliyemwambia.

Leo nataka kuwaeleza darasa hilo linavyokwenda: jinsi mwigizaji anavyomjenga mhusika kwa mkao na mwendo wa mwili wake. Mambo ni mengi, lakini yote nitayafunga katika swali moja, na swali hilo ndilo ninalotaka mwondoke nalo. Kila mtakapopewa mtu wa kumwigiza, awe mfalme, awe mwizi, awe mama mkwe, kabla hamjakariri neno lake hata moja, ulizeni: mtu huyu amebeba nini?

Walimu wetu wapo njiani

Irente ipo kilomita chache kutoka mjini Lushoto, katika Milima ya Usambara ya Magharibi, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wageni huja kusimama kwenye mwamba wake maarufu ili watazame Mazinde na tambarare iliyo karibu mita 1,000 chini yao. Wakishapiga picha, huondoka. Ninyi nawaomba mlipe bonde mgongo kidogo, mtazame njia. Huko ndiko waliko walimu wetu.

Mwangalieni mama yule anayetoka shambani na tenga la kabichi kichwani. Anzeni juu mkishuka chini. Shingo imenyooka. Macho yanatembea badala ya kichwa: akitaka kuona kilicho kando ya njia, mboni zinakwenda huko, uso unabaki mbele. Mkono mmoja umegusa ukingo wa tenga kwa ncha za vidole, bila kukaza. Mwingine unaning'inia ukilinda mizani. Kazi kubwa inafanywa na kiuno, kinachopokea kila mtikisiko wa jiwe na shimo ili usifike kichwani. Hatua ni fupi. Jirani akimwita kutoka nyuma, hageuzi shingo. Anasimama, anageuka mwili mzima kuanzia miguuni, polepole, ndipo anaitikia salamu.

Amefika nyumbani, amelitua tenga. Hapa ndipo panapotaka jicho kali. Anakwenda kuangalia chungu jikoni, kichwani hana kitu, lakini shingo bado imenyooka na hatua bado ni fupi. Tenga limebaki uani, ila mwili bado unalibeba, kwa sababu umelibeba tangu akiwa msichana.

Msingi wote wa somo letu ni huo. Kazi huacha alama mwilini. Ardhi nayo huacha alama. Mkulima wa huku hulima shamba lililoinama, mguu mmoja juu, mwingine chini. Akipanda mlima, kifua hutangulia. Akishuka, magoti hulegea na uzito hubaki nyuma. Hata majira yana mkono wao. Juni na Julai, baridi ya Lushoto inapokaza, mabega ya kijiji kizima hupanda kuelekea masikioni na viganja hujificha mifukoni au kwapani. Mwigizaji anayecheza asubuhi ya Julai hapa milimani, huku mikono yake inapepea kana kwamba yupo ufukweni Tanga, ameshatuhamisha kutoka Lushoto bila kujua.

Tena mizigo mingine haina tenga. Kuna mtu amebeba cheo. Kuna aliyebeba deni. Kuna mtoto aliyebeba siri, na msichana aliyebeba habari njema anayotamani kuitoa lakini ameambiwa angoje. Hii yote mwili huibeba kwa viungo vilevile: shingo, mabega, mgongo, tumbo, magoti, nyayo. Mwigizaji hutafuta ni kiungo gani kimelemewa.

Kwanza jijue wewe

Kabla hujauvaa mwili wa mtu mwingine, ujue wako. Simama. Miguu iwe chini ya nyonga, mikono iachie, tazama mbele. Usiigize chochote. Mwambie mwenzako akuzunguke na kukueleza anachokiona. Wengi mtashangaa. Mmoja ataambiwa bega lake la kulia lipo chini, kwa sababu begi la shule huliweka upande huo kila siku. Mwingine ataambiwa uzito wote ameuegemeza mguu mmoja, au kidevu chake kimetangulia kana kwamba anabishana na mtu. Kumbe nanyi mmebeba!

Mfaransa Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake ya uigizaji Paris mwaka 1956, aliwavisha wanafunzi wake barakoa isiyocheka wala kununa. Uso ukishafichwa, mwanafunzi hana pa kukimbilia. Ni lazima mwili useme. Ninyi mnaweza kujifunika kitambaa chepesi usoni mkafanya jaribio hilo. Mwenzenu aingie, aone barua mezani, aisome, atoke. Ninyi watazamaji mseme barua ilikuwa ya heri au ya shari. Mtaona kwamba jibu lipo mabegani, na katika kasi ya mkono unapoirudisha barua mezani.

Maswali manne ya kumpima mhusika

Kulikuwa na bwana mmoja, Rudolf Laban, aliyezaliwa mwaka 1879 katika mji ambao leo ni Bratislava. Aliutumia umri wake kuchunguza mwendo wa binadamu, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa Uingereza akiwatazama wafanyakazi wa viwandani wakinyanyua, wakisukuma na kuvuta. Aliona kwamba mwendo wowote unaweza kupimwa kwa mambo machache. Nitayaeleza kwa namna yetu, halafu niongeze moja la Mrusi Michael Chekhov.

La kwanza ni uzito. Je, mhusika wako anaikanyaga ardhi au anaigusa tu? La pili ni kasi. Anakawia au anaharakisha, na je, kasi hiyo ni yake au kuna mtu anayemsukuma? La tatu ni njia. Anakwenda moja kwa moja kwenye anachokitaka, au anazunguka, anagusa hiki, anatazama kile, ndipo afike? La nne, lile la Chekhov, ni chanzo: sehemu gani ya mwili inaondoka kwanza? Wapo wanaotanguliza kifua, wapo wanaotanguliza paji la uso, wapo wanaotanguliza tumbo.

Jaribuni sasa hivi. Tembea kutoka mlangoni hadi dirishani ukivutwa na kifua. Rudi ukivutwa na pua. Rudi tena ukivutwa na magoti. Hujabadili nguo, hujasema neno, lakini wameshapita watu watatu. Na jambo la kufurahisha ni kwamba wa ndani naye amebadilika. Ukitembea kwa kifua kwa muda, unaanza kuhisi kwamba watu wanapaswa kukupisha. Mwongozaji mkubwa wa Urusi, Konstantin Stanislavski, aliyefariki mwaka 1938, katika miaka yake ya mwisho alisisitiza sana jambo hilo: mwigizaji asingoje hisia zije ndipo atende, atende kitendo cha kweli cha mwili, na hisia itafuata.

Uzito usiokuwepo

Jukwaani vitu vingi ni vyepesi. Jiwe ni boksi lililopakwa rangi, gunia la mahindi limejazwa majani makavu. Uzito anauleta mwigizaji.

Profesa Penina Muhando aliandika tamthilia ya Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982. Ndani yake wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo kubwa, na kila wakijaribu mambo yanaharibika. Fikirini mmepewa kuicheza. Nguzo yenu ni ya mbao nyepesi, au hata ya karatasi ngumu. Mkiinyanyua kama mnavyonyanyua ufagio, tamthilia nzima inaanguka, kwa sababu watazamaji hawataamini kwamba kina mama wale wana kazi.

Siri ipo kabla ya kunyanyua. Mtu anayekabili mzigo mzito huanza kujiandaa kabla hajaugusa. Hutanua miguu. Hukunja magoti. Huvuta pumzi na kuifunga. Vidole hutafuta pa kushika, vikapaacha, vikatafuta tena. Mzigo unapoondoka chini, mwili mzima huchelewa kidogo kuufuata. Na ukibeba ndoo ya maji mkono wa kulia, kiwiliwili huinamia kushoto na mkono wa kushoto huelea mbali na mwili. Fanyeni mazoezi na ndoo iliyojaa kweli. Kisha imwageni, mbebe tupu, na mkumbuke. Misuli ina kumbukumbu njema kuliko akili.

Mbegha, kutoka porini hadi kitini

Tumpate mhusika sasa, tumjenge kuanzia nyayo. Hapa Usambara, nani tumchague kama si Mbegha?

Habari zake zimo katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi. Mbegha alitoka Ngulu. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na zamani watu waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo huleta balaa. Ndugu wakamnyima urithi. Akawa mwindaji wa nguruwe, yeye na mbwa wake. Alipofika Kilindi alipata rafiki, mwana wa mkubwa wa pale, lakini rafiki huyo alifia mawindoni, na Mbegha akakimbia. Akaingia milima yetu, akaishi msituni, akawagawia watu nyama. Sifa zake zikaenea hadi watu wa Vugha wakamwita. Njiani aliua simba. Wakamfanya mfalme, na ukoo wake, Wakilindi, ukaitawala Usambara, wafalme wake wakiitwa Simba.

Mwanafunzi mvivu husikia neno mfalme, akapanua kifua mwanzo hadi mwisho. Sisi tuulize: Mbegha amebeba nini?

Mwanzoni amebeba macho ya watu. Tangu utotoni wanautazama mdomo wake. Basi mzigo wake upo mdomoni. Midomo yake hufungika haraka. Akicheka, kiganja kinapanda kuficha meno. Watu wakikusanyika, yeye husimama pembeni, upande ulio karibu na njia ya kutokea. Angalieni: sijamwambia mwigizaji ahuzunike. Nimempa mdomo wa kuuficha, basi, na huzuni itaingia yenyewe.

Porini mwili wake unafunguka. Huku hakuna anayemtazama. Yeye ndiye anayetazama. Magoti ni laini. Unyayo unatua kwa ukingo wa nje kwanza, ndipo unalala taratibu, ili jani kavu lisilie. Kichwa kinatangulia kusikia, mwili unafuata baadaye. Mkuki upo mkono wa kulia, kwa hiyo bega hilo limeshuka na liko tayari. Anaweza kusimama bila kutikisika muda mrefu, halafu akaondoka kwa kishindo kimoja.

Kisha anakutana na watu wa milimani kwa mara ya kwanza. Amebeba nyama begani, na nyama hiyo ndiyo maneno yake. Mkuki anaulaza chini mbali na mkono. Anapiga magoti kidogo, anaisogeza nyama mbele, anarudi nyuma hatua moja ili mwenyeji aichukue bila kumwogopa. Mwigizaji akikosea hapa, kwa mfano akiisukuma nyama huku bado amesimama wima na mkuki mkononi, hadithi inageuka kuwa ya uvamizi.

Mwisho ni Vugha. Mbegha ameketi. Sasa amebeba mzigo mkubwa kuliko yote, kwa sababu Wasambaa waliamini kwamba mfalme anaweza kuiponya nchi au kuiharibu, na mvua ilikuwa mikononi mwake. Mtu aliyebeba mvua hajisogezi ovyo. Kila ishara yake ina gharama: akiinua kidole, watu wanapata chakula au wanakosa. Kwa hiyo mpunguzieni mwendo. Ageuze kichwa polepole, kwa kuwa hana haja ya kuharakisha. Wengine ndio wanaomharakishia. Na hapa kuna kanuni ya zamani ya jukwaani: mfalme huchezwa na wanaomzunguka. Wakiingia wameinama, wakiongea wakitazama chini, wakitoka bila kumpa mgongo, hata mwanafunzi mdogo wa darasa la tano aliyekaa kwenye kiti cha plastiki atakuwa Simba. Wao wakisimama wamelegea huku wanajikuna, hakuna kifua kitakachomwokoa.

Ila msimpoteze mwindaji. Mfalme akiwa ameketi hivyo, mbwa abweke nje. Mwili wote wa Mbegha utulie, lakini sikio moja ligeuke, na mkono wa kulia ufunguke kidogo kuutafuta mkuki usiokuwepo. Katika nukta hiyo watazamaji wataona maisha yake yote, tangu Ngulu, bila msimulizi kusema neno.

Mkitaka zoezi gumu zaidi, rudini kwenye mwamba wa Irente mtazame chini. Pale Mazinde aliishi Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai. Baba yake alipofariki mwaka 1862, Semboja alijijengea nguvu huko bondeni kwa biashara ya misafara na bunduki, akapigana na wenzake wa Vugha. Ni watu wa ukoo mmoja, lakini mmoja nguvu zake zipo milimani, katika mila na mvua, na mwingine nguvu zake zipo kando ya njia ya misafara, penye wageni, bidhaa na habari za pwani. Wawekeni wote wawili kwenye viti vinavyofanana. Mtawatofautishaje? Ulizeni kila mmoja amebeba nini, na anamwogopa nani anayekuja kutoka upande gani.

Kuvutwa na kisichoonekana

Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, tamthilia ya mwaka 1969 kuhusu Vita vya Majimaji, aliwapa waigizaji mtihani mkubwa. Kinjeketile anatoka nyumbani akitambaa, anavutwa na nguvu isiyoonekana mpaka mtoni, anazama, na baadaye anatoka akiwa mkavu. Hakuna kamba. Hakuna mtu anayemshika. Ni mwili wa mwigizaji peke yake.

Wengi hutupa mikono na kutikisika, wakadhani kupagawa ni vurugu. Fanyeni hivi. Mfungeni mwenzenu khanga kiunoni, wawili wavute kweli, naye akatae kweli. Atazameni visigino vinavyochimba ardhi, vidole vinavyotafuta pa kushika, kichwa kinachobaki nyuma wakati kiuno kimeshakwenda. Rudieni mara kadhaa. Kisha ifungueni khanga. Avutwe na kumbukumbu yake. Mtaona nguvu isiyoonekana, kwa sababu mtaona mahali inapomshika na namna anavyoikataa.

Kukataa huko ni jambo kubwa. Kijana akipewa kumcheza mzee, hupinda mgongo, hushika kiuno na kutetemesha sauti. Wazee wenu wapo hivyo? Bibi aliyelima mteremko maisha yake yote hataki kuonekana amepinda. Anapigana ili asimame wima. Goti moja linauma, basi anapanga kila kitu ili goti hilo lisifanye kazi: anashika mwimo wa mlango kabla hajapanda kizingiti, anakaa kwa upande, anamtuma mjukuu alete ndoo. Chezeni goti moja na hila za kulificha, na uzee utaonekana bila kumdhalilisha mzee.

Uso mmoja, watu wawili

Wapo waliofika mbali kwa elimu hii. Mkenya Lupita Nyong'o, aliyekulia Nairobi, alicheza watu wawili katika filamu ya Us ya mwaka 2019: Adelaide, mama wa familia, na Red, anayefanana naye kwa sura yote. Uso ni mmoja, kwa hiyo tofauti ililazimika kutoka mwilini na kwenye sauti. Red mgongo wake umenyooka mno, kichwa hakitikisiki, anatulia kwa muda unaokutia wasiwasi, halafu anakwenda kwa kasi ya ghafla. Adelaide anapumua, anayumba, anakumbatia watoto. Ukimwona mmoja kwa mbali, hata uso haujaonekana, unajua ni yupi.

Zamani zaidi, mwaka 1914, Charlie Chaplin alivaa koti linalobana, suruali pana na viatu vikubwa, akashika fimbo. Koti lilimlazimisha kujikaza juu kama bwana mkubwa. Viatu vilimlazimisha kukokota miguu kama mtu asiye na kwao. Juu amebeba heshima, chini amebeba umaskini, na kutoka hapo ulimwengu mzima ukacheka na kulia naye bila kuhitaji lugha.

Na mkoani kwetu Tanga alizaliwa Amri Athumani, ambaye Watanzania walimwita King Majuto, aliyefariki Agosti 2018. Wazazi wenu watawaambia jinsi watu walivyoanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Ukichunguza kazi zake utaona kwamba kicheko kilianzia kwenye namna alivyosimama kumsikiliza mwenzake: mwili ulishaamua jambo wakati maneno bado yanatafutwa.

Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa maisha yao huenda Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo tunakiita TaSUBa. Huko uigizaji husomwa pamoja na ngoma, muziki na sarakasi, na inafaa iwe hivyo. Mwili uliozoea kupokea mdundo wa ngoma hufundishika upesi.

Heshima kwa mwili wa mwingine

Nimelibakiza neno moja, nalo kwangu ni zito kuliko yote. Irente inajulikana pia kwa shule yake ya watoto wasioona. Nimewaona waigizaji, mahali pengi, wakimcheza asiyeona kwa kunyoosha mikono mbele, kujikwaa kila hatua na kugeuza macho juu. Watu hucheka. Mimi siwezi.

Mtazameni kweli mtu asiyeona anayepita njia anayoifahamu. Kichwa kipo wima. Fimbo nyeupe inapiga upande mmoja, kisha mwingine: mguu wa kulia unapokwenda mbele, ncha ya fimbo inagusa kushoto, mahali mguu wa kushoto utakapotua. Fimbo ipo hatua moja mbele ya mwili daima. Anasikia ukuta kwa jinsi sauti inavyorudi, anajua kona kwa upepo, na anamtambua rafiki yake kwa mwendo wa viatu kabla hajasalimiwa. Je, mtu huyu amebeba nini? Amebeba usikivu ambao sisi wenye macho tumeuacha ulale.

Naye anatufundisha sote jambo la kazi yetu. Kama rafiki anatambulika kwa mlio wa nyayo zake tu, basi mhusika wenu naye awe na nyayo zake. Fanyeni igizo lenu siku moja mbele ya wasikilizaji waliofumba macho. Wakiweza kusema nani ameingia na nani ametoka, na nani ana haraka, mmemjenga mtu kamili hadi miguuni.

Kwa hiyo mnapotoka kwenda kuwatazama watu sokoni, kanisani, msikitini au kituo cha mabasi, msiende kukusanya vichekesho. Msimfuate mtu na kumwigiza nyuma ya mgongo wake. Kilema cha mtu, uzee wake na umaskini wake si maleba ya kuazima na kutupa. Mtazameni kwa adabu, mkijua kwamba mwendo ule umelipiwa kwa miaka ya kazi.

Kazi ya wiki hii ni hii. Chagueni mtu mmoja mnayemheshimu. Mwangalieni akifanya kazi yake ya kila siku, kisha mwombeni ruhusa mfanye kazi hiyo pamoja naye: mbebe ndoo yake, mlime tuta lake, mshone kwa cherehani yake, hadi mjue panapouma na panapopumzika. Jumamosi kila mmoja aje aingie mlangoni na kutembea mpaka dirishani bila kusema neno. Sisi tuliokaa tutasema mtu huyo amebeba nini. Na yeyote atakayefanya tuanze kumheshimu mtu ambaye hatujaambiwa hata jina lake, huyo nitampa Mbegha amcheze.